Joto au Nyavu? Mjadala Kuhusu Kupungua kwa Dagaa wa Ziwa Tanganyika

Tangu mwaka 2003, wanaikolojia wa maji, yaani wataalamu wanaochunguza viumbe wa majini pamoja na mazingira yanayowalea, wamekuwa wakivutana juu ya swali ambalo wakazi wa Kigoma, Bujumbura, Uvira, Kalemie na Mpulungu hulijadili kila msimu kwa maneno yao wenyewe: dagaa wa Ziwa Tanganyika wanapungua kwa sababu gani? Upande mmoja hutaja mabadiliko ya tabianchi, upande wa pili hutaja uvuvi uliopita kiasi, na kila upande una vipimo vyake, mashaka yake ya haki na, lazima isemwe, ukaidi wake. Mjadala unaofuata umepangwa kwa sauti nne zisizo na majina: Mtafiti wa Mashapo, ambaye husoma historia ya ziwa katika tope lililotuama chini yake, Mtaalamu wa Takwimu, ambaye huhesabu wavuvi, vyombo na samaki wanaopandishwa mialoni, Mvuvi wa mwambao wa Kigoma, na Mchuuzi, mwanamke anayenunua dagaa mwaloni, akawaanika na kuwasafirisha. Sauti zimetungwa, lakini hoja zinazobebwa nazo ni zile zilizomo katika maandiko ya kitaalamu na katika mabishano ya ufukweni.

Anayeanza ni Mtafiti wa Mashapo, naye anaanzia mbali kidogo na dagaa. Tanganyika ni ziwa refu la kilomita zipatazo 670, lenye kina kinachofikia mita 1,470 hivi, nalo hugawanywa na nchi nne, yaani Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Lakini sehemu kubwa ya kina hicho ni maji yasiyo na oksijeni. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na mita 200 hivi upande wa kusini, hakuna samaki awezaye kuishi, kwa sababu maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu hata mara moja kwa mwaka. Maji ya juu, yanayopigwa na jua, ni ya vuguvugu na mepesi; ya chini yana baridi kidogo na uzito zaidi; na kati yao lipo tabaka la mpito, mahali ambapo joto hushuka upesi kadiri kina kinavyoongezeka. Virutubisho, yaani fosforasi, nitrojeni na silika ambazo mwani huzihitaji ili umee, huzama pamoja na mizoga na kinyesi cha viumbe, vikarundikana chini ya tabaka hilo, hata ziwa likawa kama nyumba yenye ghala lililojaa nafaka lakini mlango wa ghala umekomewa.

Anayeufungua mlango huo ni upepo wa kusini-mashariki, jamaa wa ule ambao watu wa pwani huuita kusi, uvumao kati ya Mei na Septemba. Upepo huo husukuma maji ya vuguvugu kuelekea Burundi, na upande wa Zambia maji baridi yenye virutubisho huinuka kujaza nafasi iliyoachwa. Ukishatulia, matabaka yaliyokuwa yameinama huanza kuyumba kutoka kusini hadi kaskazini na kurudi, kwa mawimbi ya ndani ambayo aliye juu ya mtumbwi hawezi kuyaona, na wimbi moja kama hilo huchukua takriban mwezi kukamilisha safari yake. Kila yanapoyumba, virutubisho kiasi hupenya juu, mwani humea, vijidudu viitwavyo kopepoda, ambao ni ndugu wadogo mno wa kamba, hula mwani, dagaa hula kopepoda, na mgebuka hula dagaa. Hapa ifahamike kwamba dagaa wa Tanganyika ni spishi mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, zilizo za ukoo wa sardini wa baharini, na kwamba dagaa wa Mwanza si ndugu zao hata kidogo, ingawa wote hukaangwa kwa mafuta yale yale.

Baada ya maelezo hayo Mtafiti wa Mashapo anafika kwenye hoja yake. Maji ya ziwa hili yamepata joto, na ingawa ongezeko la karne nzima ni la takriban digrii moja tu ya Selsiasi kwa maji ya juu, maji ya chini yamepata joto kwa kiasi kidogo kuliko ya juu, hivyo tofauti ya uzito kati ya matabaka imekua na upepo ule ule sasa hauna nguvu ya kutosha kuyachanganya kama zamani. Mwaka 2003 makala mbili zilitoka zikilieleza jambo hili kwa njia mbalimbali: moja katika jarida la Science, iliyoongozwa na Piet Verburg, na nyingine katika jarida la Nature, iliyoongozwa na Catherine O'Reilly. Kundi la O'Reilly lilipima kaboni iliyohifadhiwa katika tope. Kaboni ina aina mbili zisizooza, nyepesi na nzito, na mwani hupendelea nyepesi. Mwani ukiwa mwingi, nyepesi hupungua majini na mwani hulazimika kutwaa nzito zaidi, kwa hiyo uwiano wa aina hizo mbili katika tope huonyesha kama enzi fulani ilikuwa ya neema au ya njaa. Kutokana na uwiano huo, watafiti hao walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa asilimia 30 kwa sababu hiyo peke yake.

Mtaalamu wa Takwimu hapingi kwamba ziwa limepata joto. Anachopinga ni kuruka kutoka kwenye joto hadi kwenye kikapu cha dagaa. Anakumbusha kwamba mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake, ambao wengi wao walilifahamu ziwa kwa kufanya kazi katika mradi wa utafiti wa miaka ya 1990 ulioendeshwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa msaada wa Ufini, waliandika kwamba mavuno ya samaki yanaakisi zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko tabianchi. Vipimo vya uzalishaji wa mwani vya miaka ya 1970, anasema, vilikuwa vichache, vilichukuliwa katika sehemu na misimu tofauti na vya baadaye, na kuviweka bega kwa bega ni kulinganisha mchana wa kiangazi na usiku wa masika. Hata kaboni ya tope ina utata wake, kwa kuwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta umeongeza kaboni nyepesi katika anga lote la dunia, na kiasi cha kusahihisha athari hiyo kimekuwa chanzo cha ubishi mwingine.

Kisha anageukia hesabu. Meli za kuvulia kwa nyavu kubwa za kuzungushia zilianzishwa kaskazini mwa ziwa katika miaka ya 1950 na wafanyabiashara wa Kigiriki, na katika miaka ya 1990 zilikuwa zimekwisha huko. Lakini miaka ya 1990 ndiyo pia miaka ya vita vya Burundi na baadaye vya Kongo, wakati ambapo uvuvi wa usiku ulizuiwa mara kwa mara na watu wengi walihama makwao. Mtu akichora mstari wa mavuno unaoshuka katika kipindi hicho, ni lazima aeleze kwanza kama kilichopungua ni samaki waliomo majini au ni watu waliothubutu kwenda kuwavua. Upande mwingine, hesabu ya mwaka 1995 ilipata wavuvi karibu 45,000 katika ziwa zima, na ile ya mwaka 2011 ilipata karibu maradufu yake, na hakuna mlingano wowote wa ikolojia usiotingishwa na ongezeko kama hilo.

“Daktari,” anaingilia Mvuvi, akimwelekea Mtafiti wa Mashapo, “upepo unaousema tunaujua, kwa sababu ndio unaotuzuia kutoka. Lakini bwana huyu wa hesabu naye amesahau taa.” Maelezo yake yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa kuwa yanagusa kasoro ambayo takwimu nyingi za uvuvi huwa nayo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, si wakati wa mbalamwezi, kwa sababu huvutwa na mwanga wa taa: mitumbwi miwili huunganishwa kwa boriti, taa huwashwa juu ya maji, wavu huteremshwa chini ya mwanga, husubiriwa mpaka kundi likusanyike, kisha wavu huinuliwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai zinazotumia mafuta ya taa, ambazo zilihitaji kupampiwa na ambazo hukata roho upepo ukiwa mkali. Leo ni taa za sola na betri, zinazowaka hadi alfajiri na kuwezesha chombo kimoja kubeba taa nyingi. Chombo kinachoandikwa katika daftari la hesabu kuwa kimoja mwaka 1995 na kimoja leo si chombo kimoja kwa uwezo, na chombo kinachorudi na shehena ile ile huenda kimeipata kwa mwanga mara kadhaa zaidi na kwa safari iliyo mbali zaidi na ufuko. Kwa hiyo, anahitimisha Mvuvi, mavuno yanaweza kusimama palepale huku samaki wakiisha, na daftari lisione kitu.

Mtaalamu wa Takwimu anakubali hoja hiyo bila kusita, na inafaa kumsifu kwa hilo, maana wanasayansi hawana desturi ya kukubali upesi. Anaongeza mfano anaouona kuwa na nguvu kuliko yote: sangara watatu wakubwa wa Tanganyika, spishi za jenasi Lates zilizokuwa juu kabisa katika mnyororo wa chakula, walipungua sana katika maji ya Zambia baada ya uvuvi wa meli kuanza huko miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 mgebuka, ambaye ni Lates mdogo, alikuwa ndiye aliyetawala nyavu. Joto haliwezi kuchagua sangara wakubwa na kuwaacha wadogo kwa haraka kiasi hicho, nyavu zinaweza.

Jibu la Mtafiti wa Mashapo linatoka chini ya ziwa. Bomba refu hushushwa kwa kamba hadi likadidimia katika tope, likatolewa likiwa na mche wa udongo laini, na mche huo ukipasuliwa kwa urefu huonyesha mistari myembamba ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi, iliyopangana maelfu kwa maelfu. Mstari mweupe umeundwa kwa maganda ya diatomu, ambao ni mwani wenye magamba ya silika, walioshamiri wakati wa upepo wa kiangazi. Mweusi ni udongo na mabaki yaliyoletwa na mito wakati wa mvua. Na jozi moja ni mwaka mmoja, ingawa kwa uhakika zaidi umri hupimwa pia kwa mionzi ya kaboni na ya risasi. Kipande cha unene wa sentimita moja kikiloweshwa na kuchujwa, juu ya chekecheo hubaki meno, magamba na vijifupa vya samaki ambavyo huhesabiwa kimoja kimoja chini ya darubini, pamoja na maganda ya konokono na ya ostrakodi, vijidudu vya gamba vilivyo vidogo kuliko punje ya ulezi. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walionyesha kwa mashapo kama hayo kwamba joto la maji ya juu mwishoni mwa karne ya 20 lilikuwa halijapata kufikiwa kwa miaka 1,500. Mwaka 2016 kundi la Andrew Cohen likatangaza jambo lililowatia wapinzani taabani: mabaki ya samaki na konokono yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara kuanza, yakifuatana na kupanda kwa joto na kupungua kwa diatomu, na katika maeneo waliyoyachunguza sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilikuwa imesinyaa kwa asilimia 38.

Anauliza basi kwa utulivu: kama samaki walianza kupungua wakati babu za wavuvi wa leo wakipiga kasia kwa mikono na kutumia nyavu za katani, nani aliyewavua?

Hapa Mtaalamu wa Takwimu ana jibu la nusu tu. Anasema kwamba wingi wa vijifupa katika tope hutegemea pia kasi ya tope kuzama na jinsi mifupa inavyohifadhika. Lakini hakatai kwamba mwelekeo wa jumla ni ule ule. Kinachomsumbua ni namna matokeo hayo yanavyotumiwa. Ofisa akishasikia kwamba dagaa wamepungua kwa sababu ya tabianchi, hujisikia ameepushwa na lawama, na anayevua kwa kokoro karibu na ufuko, ambako vifaranga wa dagaa hukulia, hujisikia vivyo hivyo.

Hofu hiyo ni ya kweli, lakini imejengwa juu ya hesabu iliyogeuzwa. Tuseme ziwa lilikuwa na uwezo wa kuzalisha kiasi fulani cha dagaa kwa mwaka, na wavuvi walikuwa wakichukua nusu. Uwezo huo ukishuka kwa asilimia 30 na wavuvi wakaendelea kuchukua kiasi kile kile, basi sasa wanachukua zaidi ya theluthi mbili ya kilichozaliwa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyeongeza taa. Joto halipunguzi uzito wa nyavu bali huuongeza, na anayeamini kwa dhati makala za mwaka 2003 na 2016 ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kudai uvuvi upunguzwe, si anayezikataa. Pande mbili zilizotumia miongo miwili zikishindana zimekuwa zikijibu maswali mawili yaliyo tofauti: mashapo husimulia kilichotokea kwa karne, nao uvuvi hupimwa kwa miaka na miezi, na joto la ziwa haliwezi kushushwa na serikali yoyote iliyo kandokando yake, wakati idadi ya taa inaweza.

Mchuuzi, aliyekuwa kimya muda mrefu, anapinga urahisi wa neno hilo “inaweza”. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi nyingine za ziwa hilo, na miezi hiyo mitatu, anaeleza, haikuwa ya wavuvi peke yao. Mchuuzi hununua dagaa alfajiri kwa fedha ya mkopo wa kikundi, huwaanika juu ya vichanja au mchangani, huwageuza kabla jua halijawaunguza, huwafunga katika viroba na kuwapandisha treni au lori kwenda Dodoma na Dar es Salaam, ambako dagaa wa Kigoma ni wa bei. Marejesho ya mkopo hayafungwi pamoja na ziwa. “Wataalamu, mmetueleza ya upepo na ya mifupa,” anasema, “lakini hakuna aliyetuambia miezi mitatu ilichaguliwa kwa nini, wala kama ng'ambo nao walitulia kama sisi.”

Swali la kwanza lina jibu la kibiolojia ambalo Mtafiti wa Mashapo na Mtaalamu wa Takwimu, kwa mara ya kwanza, wanalitoa kwa pamoja. Stolothrissa ni samaki wa maisha mafupi, hukomaa kabla ya kutimiza mwaka na mara chache huvuka mwaka mmoja na nusu, na huzaa kwa nyakati mbalimbali. Samaki wa namna hiyo akiachwa kwa miezi mitatu ya msimu wa upepo, wakati chakula kinapokuwa kingi, anaweza kuongezeka waziwazi. Lakini wepesi huo huo una sura nyingine: ongezeko linaweza kuvuliwa lote katika mwezi mmoja wa giza baada ya kufunguliwa, endapo vyombo vyote vitarudi majini kwa njaa ya miezi mitatu. Mgebuka, ambaye huchukua miaka kukua, hapati nafuu ya kutosha kwa kipindi kifupi kama hicho, na samaki wa mawe wa ufukweni, ambao ni wa spishi nyingi sana na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, hawasumbuliwi zaidi na nyavu za dagaa wala na upepo, bali na udongo unaomomonyoka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti. Utafiti wa Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba mahali mito inapomwaga tope jingi, hasa kaskazini, spishi za ostrakodi na za samaki huwa chache kuliko mahali penye maji maangavu, kwa kuwa tope huziba nyufa za mawe zinazotumika kwa mazalia na hufunika mwani unaoliwa. Kwao kufunga uvuvi si dawa. Dawa yao ipo mashambani.

Swali la pili ni la kisiasa. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, mwaka ule ule wa makala mbili zilizoanzisha ubishi, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyozaliwa nao ina makao yake Bujumbura. Lakini sehemu kubwa kuliko zote ya ziwa, karibu asilimia 45, ni ya Kongo, ambako doria ya majini hukwamishwa na ukosefu wa usalama wa mashariki mwa nchi hiyo. Dagaa hawatambui mpaka, na kundi lililonusurika Kigoma mwezi Juni linaweza kuvuliwa Kalemie mwezi Julai.

Mtaalamu wa Takwimu anapendekeza kwamba kabla na baada ya kila kufungwa, chombo kipite ziwa zima kikihesabu samaki kwa mwangwi wa sauti, kama ilivyofanywa na meli ya utafiti ya Tanganyika Explorer katika miaka ya 1990, ili idadi ya samaki ijulikane bila kutegemea daftari la mwaloni. Mtafiti wa Mashapo anataka safari hiyo irudiwe kwa miaka kumi walau, ikipimwa pamoja na nguvu ya upepo, kwa sababu mwaka mmoja wa upepo mzuri unaweza kumfanya waziri yeyote aonekane mwerevu. Mvuvi anakubaliana na wote wawili kwa sharti moja: taa zihesabiwe nazo, chombo kwa chombo, katika nchi zote nne. Mchuuzi anauliza hesabu hiyo itaanza lini, kwa kuwa kikundi chake kinakaa Jumamosi kupanga mikopo ya msimu ujao, na mweka hazina anahitaji tarehe.